Mwongozo wa Kupasua Njia Ubavuni Bila Kugombana na Nywele za Kipilipili

Kwanza ahirisha safari. Kama ulitaka kuwahi matatu ya asubuhi ya kwenda Bungoma, iache iende. Kama una mzigo wa kupeleka sokoni Chwele, watume wengine. Njia ya ubavuni haipasuliwi na mtu anayeitwa nje kwa honi. Hapa Cheptais tunaitambua mara moja njia ya mtu mwenye haraka: inaanza vizuri pajini, inayumba ikikaribia utosi, na kabla ya kufika kisogoni imeshapotea. Mwenyewe haioni. Sisi tunaoketi nyuma yake kanisani ndio tunaoiona, ibada nzima.

Ukishaahirisha safari, ahirisha na mshauri. Hakuna boma lisilo na mshauri wa nywele. Ni yule anayekushika kishungi kwa vidole viwili, akakivuta, akatikisa kichwa na kusema, "Zako ni ngumu, mwanangu, tia dawa tu." Akiwa rika lako, mfukuze. Akiwa shangazi au mama mkwe, mpe chai na kiti kinachotazama upande mwingine, maana heshima ni heshima. Lakini ushauri wake usiufuate, kwa sababu si kweli.

Nywele za kipilipili si ngumu. Ni dhaifu, na ndiyo maana zinataka mkono wenye subira. Unywele wa singa ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana duara au karibu na duara. Wa kipilipili ni bapa kidogo, na kitundu unamotoka ndani ya ngozi kimepinda, kwa hiyo hutokeza ukiwa tayari umejikunja. Kila unapojikunja ndipo unapokatikia ukivutwa. Tena ngozi ya kichwa ina mafuta yake yenyewe. Kwenye singa mafuta hayo huteremka hadi nchani bila kizuizi. Kwenye kipilipili hukwama katika mikunjo ya mwanzo, ncha zikabaki kavu. Ukavu huo ndio watu wanaoushambulia kwa chanuo lenye meno membamba asubuhi ya baridi ya Mlima Elgon. Mtoto analia, meno ya chanuo yanakatika, na lawama zinatupiwa kichwa. Lawama ni za chanuo, na za aliyelishika.

Basi lowesha. Kunyunyizia matone mawili matatu ili dhamiri itulie hakutoshi; lowesha mpaka maji yafike kwenye ngozi na nywele zilale. Paka krimu ya kulainisha, au kama mfuko hauruhusu, mafuta ya nazi au ya nyonyo uliyoyasugua kiganjani mpaka yakapata joto, nywele zikiwa bado na maji. Gawa kichwa sehemu nne kwa vidole na uzibane. Hapo sasa chukua chanuo la meno mapana, anzia nchani, upande kidogo kidogo kuelekea shinani. Anayeanzia shinani anayakusanya mafundo yote na kuyasukuma chini yakutane pamoja, halafu anashangaa kwa nini hayafunguki.

Upande gani? Wengi hujibu haraka, "Kushoto," kwa kuwa kwenye picha ya harusi ya baba ilikuwa kushoto. Usimuulize baba, uliza utosi. Nyuma ya utosi pana mahali nywele zinapoota kwa kuzunguka, na kwa watu wengi mzunguko huo hufuata mwendo wa mishale ya saa. Zikiwa zimelowa, zisukume mbele kwa kiganja kisha uziachie. Zitaegemea upande mmoja zenyewe. Zinakoegemea ndiko zitakakolala, na njia ikae upande wa pili. Mtu anayelazimisha kinyume cha hapo atapata njia itakayodumu mpaka mlangoni.

Sasa kazi yenyewe, na hapa sitaki mtu aniharakishe. Mketishe mwenye nywele kwenye kigoda, wewe kaa kwenye kiti nyuma yake, mabega yake kati ya magoti yako, mlango uwe wazi ili mwanga uingie. Tafuta mahali ambapo nyusi imepanda juu zaidi. Weka ncha ya mkia wa chanuo sawasawa na hapo, nywele zinapoanzia, halafu uivute kuelekea nyuma bila kuinua mkono. Mkia uiguse ngozi bila kuikwaruza. Ukiinua mkono katikati, njia inavunjika na unaanza upya. Anza tu, hakuna anayekufukuza. Utaona mikunjo ikiachana mmoja mmoja, huu ukienda huku, ule kule, na mingine iking'ang'ania ng'ambo isiyo yake. Hiyo usiivute kwa chanuo. Ichukue kwa ncha za vidole, mkunjo baada ya mkunjo, uirudishe kwao. Aliyeketi akianza kugeuka aone nani anapita barabarani, mwambie, "Tuliza kichwa, dada," na useme kwa upole, kwa sababu chanuo liko mkononi mwako.

Njia si lazima inyooke. Iliyopindapinda kidogo huficha nywele zilizokatikia mbele, na kwenye kipilipili hukaa muda mrefu zaidi. Cha muhimu iwe nyembamba, na hapo jua linahusika. Mwaka 2023 mtafiti Tina Lasisi na wenzake, akiwemo Nina Jablonski wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, walichapisha utafiti wa sanamu ya mtu inayopashwa joto, iliyovishwa mawigi ya nywele za binadamu za aina mbalimbali na kumulikwa kwa taa zilizoiga jua. Nywele zote zilipunguza joto la jua linalofika kwenye ngozi ya kichwa, lakini zilizojikunja sana zilipunguza kuliko zote. Maelezo yao ni kwamba nywele za namna hii ziliwasaidia binadamu wa kale barani Afrika kukinga ubongo na joto bila kupoteza maji mengi kwa jasho. Hizo ndizo nywele ambazo watu wanazionea haya. Kila njia unayopasua, basi, ni ukanda wa ngozi uliouondoa kivulini. Ukienda kupalilia viazi au kuchuma kahawa jua likiwa utosini, funga leso, njia itakusubiri.

Kukausha kuna adabu yake. Taulo hukwaruza, tumia fulana kuukuu ya pamba, ukibonyeza bila kusugua. Kisha kumbuka kwamba kipilipili kikikauka hujirudi, pengine zaidi ya nusu ya urefu wake, na hapo watu wengi hukata tamaa wakikimbilia moto. Mama zetu walikuwa na dawa isiyo na moto: uzi mweusi. Gawa nywele mafungu kufuata njia uliyoipasua, zungushia kila fungu uzi kutoka shinani hadi nchani, usikaze mpaka macho yavutike, ulale. Asubuhi ukifungua, nywele zimerefuka na njia ya jana iko palepale. Chanuo la chuma la kupashwa jikoni nalo lilinyoosha, sikatai, ila waliolipitia bado wanajua lilikoungua sikio lao.

Usiku funga kitambaa cha satini, maana pamba ya mto hunyonya mafuta yote uliyogharamia. Asubuhi nyunyizia maji kidogo pande mbili za njia ukizirudisha kwa kiganja. Ukipanda boda boda, vaa kitambaa hicho hicho chini ya helmeti. Wapo wanaoikataa helmeti wasiharibu nywele. Helmeti ivaliwe. Nywele huloweshwa zikapasuliwa tena jioni. Kichwa hakina cha pili.

Wanaume wana mlango wao. Nywele fupi hazilali, kwa hiyo njia huchongwa kwa wembe au kwa mashine. Mfano bora kabisa ninaoujua ni Patrice Lumumba. Tazama picha zake za mwaka 1960 alipokuwa waziri mkuu wa Kongo: miwani, ndevu fupi kidevuni, na ile njia ubavuni, safi, isiyoomba ruhusa kwa mtu. Kabla ya siasa alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, na ukiitazama njia yake unaona mtu aliyejua thamani ya kujitokeza nadhifu mbele ya watu waliomdharau. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35. Wachoraji wa Lubumbashi walimchora tena na tena. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora historia nzima ya nchi yake katika miaka ya 1970 na kuisimulia kwa Kiswahili. Mandela naye, akiwa wakili kijana Johannesburg miaka ya 1950, alikuwa na njia yake. Kipilipili kilikuwa kipilipili, na hakuna aliyehitaji kukibadilisha kuwa singa ili njia ikae.

Wazee kadhaa hapa kwetu bado hawajaiacha. Kinyozi anauliza, "Mzee, njia tuweke wapi?" Mzee anajibu, "Pale ilikuwa." Kinyozi akiisogeza ukubwa wa kucha anaambiwa airudishe, naye hawezi kuirudisha, ameshanyoa. Kwa hiyo wewe kijana mwenye mashine, chora kwanza kwa mkia wa chanuo na umwonyeshe mzee kwenye kioo kabla hujawasha chochote. Na stima za huku unazijua: usianze njia mawingu yakiwa yamejaa mlimani, usije ukamwacha mzee wa watu na nusu njia. Wembe uwe mpya kwa kila kichwa, na meno ya mashine yafutwe kwa spiriti mteja akiona. Mapunye hayachagui aliyenyolewa vizuri.

Afro ina utaratibu tofauti, na eneo hili liliijua vizuri. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili Julai 1975, bei ya kahawa ikaruka duniani kote, na miaka iliyofuata magendo ya kahawa kutoka Uganda yalimiminika kupitia Chepkube, si mbali na hapa. Pesa zilizagaa, na ilikuwa pia miaka ya afro na chanuo refu mfuko wa nyuma. Afro haipasuliwi ikiwa imesimama. Ifumue yote kwa chanuo la meno marefu, lowesha upande mdogo peke yake, pasua njia, kisha ufunge kitambaa kibane upande huo mdogo mpaka ukauke. Upande mkubwa uache usimame. Ukibana pande zote mbili umetengeneza kitu kingine, na mimi sina mwongozo wacho.

Mwanafunzi asubiri likizo, na hata hapo asitegemee mengi. Shule nyingi za umma huagiza nywele fupi, na nywele huota takribani sentimita moja kwa mwezi au pungufu. Likizo ya mwisho wa mwaka haimpi urefu wa kulaza. Achongewe njia kwa mashine mapema Desemba, itakuwa imejifuta shule zikifunguliwa. Na mvulana wa Kibukusu anayetahiriwa Agosti ya mwaka shufwa asisumbuliwe na njia kabisa: alfajiri ile atapakwa matope ya mtoni hadi kichwani, na siku hiyo matope ndiyo mtindo.

Jambo moja watu huliruka, nami naomba usiliruke: hamisha njia. Upande ule ule ukivutwa na kubanwa miezi na miaka, mashina huchoka, njia hupanuka, na nywele zikififia kwa muda mrefu zinaweza zisirudi tena. Tunawaona kina dada wenye matuta yaliyokazwa kandokando ya njia moja tangu wakiwa wadogo, paji likipanda kila mwaka. Ikae kushoto kwa wiki kadhaa, kisha ihamie kulia, hata kama utosi utanung'unika. Msusi akikaza mpaka ukaumia, sema. Maumivu si sehemu ya bei.

Iliyobaki ni dawa. Dawa nyingi za kunyoosha nywele hutumia sodiamu hidroksidi, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni, au kemikali nyingine kali ya namna hiyo, na ngozi ya kichwa cha mtoto haijui kujitetea. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 walitoa taarifa kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipatwa na saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiozitumia. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo iliyosababisha, lakini kwangu umetosha kumweka mtoto mbali nayo.

Kwa hiyo akina mama, na ninyi kina dada wenye saluni hapa Cheptais, Kapsokwony na Chwele: mtoto akiletwa atiwe dawa ili njia yake ikae, msimtie. Mpeni chanuo la meno mapana, mwonyesheni mzazi namna ya kulowesha na kufunga nyuzi, mumrudishe nyumbani na nywele zake. Njia itakaa.