Mhadhara Mkuu Juu ya Asili ya "Debunk"

Waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana, na ninyi mliojibanza karibu na mlango: tulieni, elimu inapita. Leo nawafunulia asili ya "debunk", neno la Kiingereza la kuuvua uongo nguo hadharani. Wanafunzi wavivu wameshalitafsiri "kuumbua", wakaenda zao kunywa chai. Mimi, bingwa niliyethibitishwa na mimi mwenyewe, natamka kwamba kiini chake si uongo. Kiini chake ni huyo anayeambiwa.

Ushahidi uko Washington, Februari 1820. Bunge la Marekani lilikuwa likibishana kama Missouri iingie katika muungano pamoja na utumwa wake. Wajumbe wamechoka, wanadai kura ipigwe, mara akasimama Felix Walker wa North Carolina, aliyewakilisha eneo lenye kaunti ya Buncombe. Inasimuliwa kuwa wenzake walimsihi akae, naye akawajibu kwamba hasemi nao. Anasema kwa ajili ya Buncombe. Watu wanajadili hatima ya watumwa, yeye anawasalimia wapiga kura wake! Basi jina la kaunti hiyo, iliyoitwa kwa heshima ya Kanali Edward Buncombe (marehemu tangu 1778, hahusiki kabisa), likawa jina la porojo za kisiasa. Likaandikwa "bunkum", kisha likakatwa mkia likabaki "bunk". Mwaka 1923 William Woodward, aliyewahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara, akatoa riwaya iitwayo Bunk, na humo akabandika mbele ya neno hilo kiambishi cha kuondolea, "de-". Mtu wa matangazo, wasomi wangu! Nani mwingine angejua porojo inatolewa wapi kama si aliyekuwa akiiweka?

Najua mtapinga. Mmoja atadai neno limetokana na "bunko", utapeli wa karata ambao jina lake huenda limetoka Kihispania. Hapana, maneno hayo mawili yanafanana sauti tu, hayana undugu. Mwingine atauliza: je, kabla ya 1923 hakuna aliyefichua uongo? Walikuwapo wengi, lakini walifanya bila neno, yaani bila leseni. Wa tatu, ambaye kwa bahati mbaya ana akili, atasema Walker hakudanganya, kwani alitaja wazi anasema kwa ajili ya nani. Hapo ndipo ninapowataka! Hotuba inaweza kuwa na takwimu sahihi na sarufi safi, bado ikawa porojo, kwa sababu walengwa hawamo ukumbini. Waziri anayezindua choo cha shule huku jicho lake liko kwenye kamera hasemi uongo: choo kipo, mlango upo, hata kopo la maji lipo. Ukimpima kwa swali la "ni kweli?" atapita. Mpime kwa swali la "ni kwa ajili ya nani?" uone jasho. Anayehangaika na swali la kwanza peke yake anafanya kazi ya karani.

Kuna kijana ameinua mkono, anataka kuuliza mhadhara huu nao ni kwa ajili ya nani. Muda umekwisha. Fomu za posho ziko kwa katibu. Sahihi yangu tayari ipo.