Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Sehemu P

Kwa Mheshimiwa Sehemu P,
Msimamizi wa Usalama wa Umeme Majumbani,
Kanuni za Majengo za Uingereza na Wales.

YAH: WAYA UNAOPUKUTIKA DARINI

Mheshimiwa,

Sikuamkii. Wewe ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, nami nimekuzidi umri. Nyumba niliyonunua huku ndiyo bibi yetu sote, maana ilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kwa adabu tulizofunzwa Mombasa, wewe ndiye wa kuiamkia.

Ungepanda darini ungeona hali ya bibi. Nyaya zake zimevikwa mpira, si plastiki, na mpira umezeeka: ukiupinda kidogo unavunjika kama kaukau, shaba ikabaki uchi juu ya mbao kavu. Bodi ni ile ya fyuzi za kufungwa uzi kwa bisibisi. Sebuleni imesalia soketi ya matundu ya duara, ya enzi za kabla ya 1947, mwaka ambao Waingereza walitoa kiwango cha plagi ya miguu mitatu bapa, ile ile tuliyorithishwa Kenya, Tanzania na Uganda pamoja na mengine tusiyoyaomba.

Nimeisoma sheria yako kwa makini. Nikiuacha waya huu ulivyo, huna neno nami. Angekuwepo mpangaji, ingekuwa lazima upimwe angalau kila miaka mitano. Hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 2020. Lakini mwenye nyumba akilala humo mwenyewe, hakuna wa kumuuliza. Ana uhuru kamili wa kuungua.

Siku nitakapoung'oa ndipo tutakapofahamiana. Saketi mpya, taarifa kwa halmashauri. Bodi mpya, taarifa. Karibu na bomba la kuogea, taarifa. Taarifa itangulie kazi na ada iifuate taarifa, la sivyo mimi ni mvunja sheria. Njia nyingine ni kumwita fundi aliyesajiliwa, ambaye hufanya kazi, akaipima kazi yake, akajipa cheti mwenyewe. Laiti shule yetu ingetuwekea mitihani ya namna hiyo.

Sasa mimi nina shemeji, fundi umeme wa miaka mingi, mwenye leseni ya Kenya ya daraja la C2. Nilipomwonyesha ripoti ya ukaguzi wa umeme wa nyumba hii, aliona C2 kila ukurasa akafurahi, akidhani Waingereza wamekwisha kumtambua. Ikabidi nimweleze kwamba huku C2 ni alama ya kitu kinachoweza kuua.

Hata hivyo sheria haimkatazi kufanya kazi. Tangu 2014 anaweza kutoboa ukuta na kuvuta kebo nyumba nzima, mradi kabla hajashika nyundo tumempata mthibitishaji wa nje wa kuja kukagua na kutia sahihi. Tumewatafuta. Kila tunayempigia simu anasema hasaini kazi ya mkono wa mtu mwingine, tena anasema kwa upole unaokunyima hata nafasi ya kukasirika.

Na hizo rangi! Zamani fezi yenu ilikuwa nyekundu na nutro nyeusi. Tangu Aprili 2006 kazi mpya zote ni kahawia na bluu. Si kitu, mtu hujifunza. Lakini kwenye umeme wa fezi tatu, nyeusi iliyokuwa nutro imepandishwa cheo ikawa fezi, na bluu iliyokuwa fezi ikashushwa kuwa nutro. Shemeji aliposikia hayo alikaa chini. Dawa iliyotolewa ilikuwa kibandiko cha onyo kwenye bodi.

Jiko nalo, mwaka 2013 uliliondolea taarifa nyingi upande wa Uingereza, ukaliacha la Wales na masharti yake. Sijui mvuke wa chai ya Wales una nini.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa. Natoka mahali ambapo muhuri huweza kufika nyumbani kabla ya waya, na najua nani huzikwa kwa ajili ya mihuri ya namna hiyo. Naiheshimu karatasi yako. Ila karatasi yako inamwogopa fundi kuliko inavyouogopa waya, na waya bado uko pale pale, juu ya kitanda changu.

Kwa hiyo nina ombi moja. Tuchapishie Fomu ya Taarifa ya Kutofanya Lolote. Mwenye nyumba aandike waya ulio uchi uko wapi na nani hulala chini yake, kisha alipe ada. Halmashauri imtume mkaguzi aje ashuhudie kwamba kweli hakuna kilichofanyika, atuandikie cheti, nasi tukitundike kando ya bodi. Shemeji atamshikia ngazi. Hilo nimelitafuta kwenye kanuni zako zote, na halihitaji usajili.

Wako mtiifu,
Mwenye Nyumba