Maji ya Kunde

Mswahili akitaka kumsifu mtu mwenye rangi ya kupendeza, si mweusi sana wala si mweupe, husema huyo ni maji ya kunde. Sijapata kumwona aliyenuna kwa kuitwa hivyo. Lakini mto Gura ukivaa rangi hiyohiyo mwezi Aprili, wavuvi wa trauti wa Nyeri hufunga fito zao, hukunja nyuso, na kurudi mjini kunywa chai ya maziwa ambayo, ukiitazama vizuri, haina tofauti na mto walioukimbia. Leo nautetea mto. Nimevua humo masika kadhaa, nimerudi mikono mitupu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu, na bado nashikilia kwamba mvuvi hajapewa maji bora kuliko maji machafu.

Kwa asiyeujua, Gura hushuka kutoka milima ya Nyandarua. Hupita kwenye nyasi za baridi kule juu, ukapita msituni, kisha kwenye chai, kisha kwenye kahawa, na njia nzima hauna subira. Wenyeji husema hakuna mto Kenya unaokwenda mbio kama huo. Mimi sijaupima, ila niliwahi kuikimbiza kofia yangu ukingoni na kofia ikanishinda.

Trauti mwenyewe si mwenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yuleyule aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakatiwa Gura. Reli ilikuwa bado haijafika Nyeri. Mayai yakavuka bahari, yakapandishwa mlima, na samaki wakakuta maji ya baridi wakadhani wako kwao. Pamoja na samaki zikaja adabu zake: trauti havuliwi ovyo. Avuliwe kwa nzi bandia, yaani manyoya yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana, yakarushwa kwa mshipi mnene unaochora herufi angani, na mrushaji awe kimya kama yumo msikitini.

Nianze na aibu za maji safi, maana huwezi kumsifu mke mdogo bila kumgusa mkubwa.

Mwezi Januari Gura ni kioo. Unahesabu mawe. Trauti amelala nyuma ya jiwe, kichwa kimeelekea maji yanakotoka, akingoja riziki iletwe na mkondo, na macho yake yanaona karibu kila upande isipokuwa nyuma. Kwa hiyo unamwendea kwa nyuma. Unamwendea kwa magoti. Mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu wawili anatambaa kwenye majani yenye umande kumnyemelea kiumbe wa robo kilo. Unarusha. Nzi anatua vizuri, pengine mara ya kwanza mwaka huo. Samaki anainuka polepole, anakuja hadi chini ya nzi, anamtazama. Anasafiri naye hatua moja. Halafu anarudi kwenye jiwe lake. Amekukataa, na wewe umeona jinsi alivyokukataa, na yeye ameona kwamba umeona.

Haya, njoo Aprili. Maji ni mekundu kuelekea hudhurungi, mkono ukiuzamisha hadi kiwiko vidole vimepotea. Unarusha, hakuna kitu. Kwa nini? Pengine samaki hakuona. Pengine ameona, amekataa. Pengine hayupo kabisa, yuko mtaa wa pili. Hutajua, na nani amekuambia unahitaji kujua? Hii ndiyo sitara. Wazee wetu walijenga nyumba zenye viwambo na mapazia wakijua kwamba mwanadamu hawezi kuishi akitazamwa mchana kutwa. Mto wa masika una pazia lake, na nyuma ya pazia hilo mvuvi dhaifu na mvuvi hodari wana heshima sawa.

Tena maji machafu yanakupa udhuru. Ukirudi mtupu mwezi Januari, watu watakuuliza una kasoro gani. Ukirudi mtupu Aprili, mtu anakutazama buti, anatikisa kichwa na kusema, "Pole, mto umechafuka," kama anayetoa rambirambi. Hapo unaketi, unaletewa chai.

Wenzetu wa Montana na Colorado nao wana msimu wao. Theluji ya milima ya Rocky huyeyuka Mei na Juni, mito ikajaa na kuchafuka majuma kwa majuma, nao hulalama vilevile. Lakini yao ni ya kistaarabu, huenda na jua: mchana joto linayeyusha theluji, jioni au usiku mto unapanda, asubuhi umeshuka kidogo. Mtu anaweza kupanga. Gura hauna miadi na mtu. Mvua hunyesha Nyandarua wewe ukiwa bondeni kwenye jua kali, na dalili ya kwanza ni majani makavu na vijiti vinavyopita mbele yako kwa haraka isiyo ya kawaida. Hapo hata mimi msifiaji natoka. Sifa zangu zinaishia magotini. Juu ya hapo mto huu ni muuaji, na sitaki ushairi wangu umzamishe mtu.

Aprili moja nilisimama chini kidogo ya daraja la mbao, mvua imenyesha usiku kucha. Nimevaa buti za mpira za kufika mapajani. Mkononi ufito wa futi tisa uliokula mshahara wangu wa mwezi mzima, kifuani kisanduku cha nzi arobaini waliopangwa kwa rangi. Nilikuwa nikirusha katikati ya mto, mbali kadiri mkono ulivyoweza, kwa sababu mtu akinunua ufito wa bei ile anataka kuona umbali. Mto ulikuwa ukiubeba mshipi wangu na kunirudishia ukingoni kila mara, kwa upole, kama karani anayekurudishia fomu uliyoijaza vibaya.

Akaja kijana mmoja, darasa la saba au la nane hivi, miguu mitupu. Alikuwa na mwanzi, uzi, na kopo la Kimbo. Ndani ya kopo udongo, ndani ya udongo nyungunyungu. Kwa adabu za mchezo huu, nyungunyungu ni jirani wa haramu. Sikumuuliza leseni yake, naye hakuniuliza akili yangu. Alichuchumaa nyuma ya kishungi cha majani kilichoinamia mto, akateremsha uzi pale pale miguuni pake, mahali ambapo maji yalikuwa yakizunguka polepole kama uji unaopoa.

"Mwalimu," akasema bila kunitazama, "kwani huko unamtafuta nani?"

"Samaki."

"Huko maji yanamchosha. Amekuja huku kupumzika."

Na uzi ukavutika. Alimtoa bila sherehe yoyote, akamlaza kwenye majani. Nilisogea kuona. Mgongo wa kizeituni, tumbo la manjano kama samli iliyoganda, na ubavuni madoa mekundu, kila doa limezungushiwa duara jeupe kana kwamba mtu aliketi akayachora moja moja kwa kalamu. Pembeni mwa mdomo kilining'inia kipande cha nyungunyungu kikijipinda bado. Kijana akampiga kichwani kwa kijiwe, akapitisha jani gumu kwenye matamvua, akamtundika tawini, akachovya tena.

Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa vimeniambia jambo hilohilo, ila kwa maneno mengi. Mto ukijaa, katikati hapakaliki. Trauti hapotezi nguvu bure, husogea pembeni, kwenye majani, nyuma ya mizizi, sehemu ambayo ukiwa na haraka ya kurusha mbali unaikanyaga. Kuona haoni vizuri, lakini ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko mdogo wa maji. Kwa hiyo mpe kitu kikubwa kiasi, cheusi au chenye alama inayoonekana, kipite polepole karibu na pua yake. Mvua inayochafua maji ndiyo hiyohiyo inayowang'oa nyungunyungu na wadudu shambani na kuwatia mtoni. Sisi tunaona uchafu. Yeye ameandaliwa karamu, na ameketi umbali wa hatua moja kutoka kwenye buti zako.

Nikakata urefu wa mshipi. Nikachagua Coachman, nzi ambaye mwili wake ni nyuzi za unyoya wa tausi na bawa lake jeupe, nikamfunga, nikachuchumaa na mimi. Magoti yakalia. Nikamteremsha kando ya majani bila kurusha kabisa, kama mtu anayechovya mkate kwenye chai.

Mshipi ukasimama. Nikadhani ni mzizi. Mzizi ukaondoka, ukaingia mkondo mkuu, ufito ukainama hadi nikaogopea mshahara wangu, kisha kila kitu kikawa chepesi. Uzi umekatika. Samaki sikumwona hata ubavu.

Hapa ndipo penye fadhila kubwa kuliko zote. Samaki aliyekuponyoka kwenye maji safi ana kipimo. Umemwona, na hata ukidanganya, moyo unajua. Samaki aliyekuponyoka kwenye maji ya kunde hana mwisho. Wangu alikuwa na kilo moja nilipokuwa nakusanya mshipi. Nilipofika barabarani alikuwa na kilo mbili. Jioni, mbele ya wenzangu wa chumba cha walimu, alikuwa na kilo mbili na nusu na taya iliyopinda. Kufikia Idi alikuwa hawezi kuenea kwenye sufuria yoyote ya mke wangu.

Na sitara ina vyumba vingi. Ndoana ikishazama kwenye maji yale, nani anajua kilichofungwa humo? Unyoya wa tausi, au kitu kilichotoka kwenye kopo la Kimbo la jirani kwa shilingi ishirini? Nauliza tu.

Mimi nimezaliwa Kipini, mahali ambapo Tana humaliza safari yake ya kilomita elfu moja hivi na kuingia bahari ya Hindi. Maji ya Gura huishia Sagana, na Sagana ndiyo Tana utotoni mwake. Kwetu tope halitukanwi, linasubiriwa. Mto ukifurika Mei kisha ukarudi, huacha udongo mwororo ambao jembe linaingia lenyewe, na mpunga hupandwa humo. Mwaka ambao mto ni dhaifu, bahari hupanda na chumvi yake hadi mashambani. Bibi yangu alikuwa akichota maji kwa kata, anayamimina kiganjani, anasugua kwa kidole gumba. Akihisi chembe, husema, "Kumenyesha huko juu." Huko juu ni wapi, hakuna aliyenieleza. Nilikuja kupajua nilipopewa kazi Nyeri na kuona udongo mwekundu ukiteremka kati ya mikahawa, ukikata barabara ya shule, ukijitupa mtoni bila kuaga.

Siwezi kusema udongo huo unamfikia mtu wa Kipini kama ilivyokuwa enzi za bibi. Njiani kuna mabwawa matano ya umeme, la kwanza kujengwa likiwa Kindaruma la 1968, lakini Masinga la 1981 ndilo la kwanza kukutana na mto, kwa hiyo ndilo linalopokea mzigo. Tope limelala pale sakafuni likila nafasi ya maji. Huku mlimani mwenye shamba la mteremko aliyechoka kuchimba matuta ya fanya juu anaendelea kutuma rutuba yake kila masika, na mwaka unaofuata ananunua mbolea. Ukarimu wa namna hii ungemfilisi tajiri. Mimi, mvuvi, nasimama ukingoni nikiusifu mto kwamba unanifichia aibu, na nakiri kwamba shamba lile likiwekwa matuta sawasawa nitapoteza wiki mbili tatu za pazia langu. Bibi angecheka sana kunisikia.

Juni ya mwaka ule mto ulianza kusafika. Kwanza mawe ya pembeni yakatokea, kisha ya katikati, kisha nzi wangu watatu kwenye tawi la upande wa pili ambao niliapa kwamba walikwenda na samaki. Jumamosi moja nilikuwa nimeegemea daraja, nikivizia kiza cha jioni kinisaidie, yule kijana akaja akaegemea kando yangu. Tulitazama chini kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "yule samaki wako wa Aprili. Wa kilo tatu."

"Mbili na nusu."

Akanyoosha kidole. Chini ya kishungi cha majani kilekile alikuwepo trauti amesimama kwenye mkondo, akitikisa mkia pole pole. Urefu wake haukuzidi kiganja changu. Kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na kitu cheupe, kidogo, kilichochakaa, kikipepea kila anapofungua kinywa.

Nikamwambia kijana kwamba Coachman ni nzi wa kawaida sana, anatumiwa na watu wengi.