Jinsi ya kumsumbua mtengeneza gemu mpaka akusikie

Kasirika kwanza. Anayekushauri uandike pendekezo lako ukiwa umetulia hajawahi kukesha akichimba madini kwenye gemu ya mtandaoni, kisha asubuhi akakuta toleo jipya limeyashusha thamani. Gemu hizi wanazocheza maelfu kwa wakati mmoja, kila mtu akimlea mhusika wake kwa miaka, haziwezi kurekebishwa na mtu asiyeumia. Hasira inaonyesha panapouma. Ipe kazi tu.

Wachezaji wa EVE Online waliipa kazi mwezi Juni 2011. Gemu hiyo ya meli za anga ni ya kampuni ya CCP ya Iceland, na toleo la kiangazi hicho lilikuja na duka la mapambo ya mhusika. Miwani ya jicho moja ikatangazwa kwa thamani ya zaidi ya dola 60 za kweli. Toleo hilohilo lilimwondoa mchezaji kwenye gati alikozoea kuitazama meli yake, likamweka kwenye chumba chenye kochi, na wengi wakalalamika kwamba chumba hicho kinachemsha kompyuta zao. Juu ya hayo likavuja jarida la ndani la kampuni, lenye mjadala wa kuuza vitu vya kuzidi mapambo. Wachezaji wakafunga safari hadi Jita, mfumo wa nyota wenye soko kubwa kuliko yote ndani ya gemu, wakaizingira sanamu iliyosimama nje ya kituo na kuimiminia risasi. Sanamu haikuwa imeundwa ivunjike, na kila mpigaji alilijua hilo. Lakini meli nyingi kiasi hicho zikikusanyika mahali pamoja huielemea seva, na soko kuu likianza kukwama mwenye gemu hawezi kujifanya haoni.

Kilichowafaa zaidi ni kuwa na wasemaji. Tangu 2008 wachezaji wa EVE huchagua baraza lao kwa kura, na siku chache baada ya ghasia hizo CCP ililiita baraza hilo Iceland, wakakaa meza moja. Oktoba mkuu wa kampuni, Hilmar Veigar Pétursson, aliomba radhi kwa barua ya wazi. Toleo la Novemba likarudisha mandhari ya zamani ya gati, ile inayokuruhusu kuizungusha meli yako kwa kipanya.

Habari hii ya kuzungusha meli naipenda sana. Kuizungusha hakumwongezei mtu nguvu wala pesa. Ni jambo ambalo mikono ilikuwa ikilifanya yenyewe wakati mtu anasubiri wenzake wafike, na hakuna aliyeliona kuwa sehemu ya mchezo mpaka lilipoondolewa. Kwa hiyo usione haya kupeleka kilio kidogo cha namna hiyo. Mtengenezaji anaweza kuhesabu kila kitu unachobonyeza, asijue kwa nini unakibonyeza, na wewe peke yako ndiye wa kumweleza.

Hatua ya pili inawashinda wengi: usimwambie afanye nini. Mweleze kama mgonjwa hodari anavyomweleza daktari: panauma hapa, tangu siku fulani, nikifanya jambo fulani. Jina la dawa mwachie yeye.

Ushahidi wangu ni Final Fantasy XIV. Square Enix waliifungua tarehe 30 Septemba 2010, ikaanguka vibaya kiasi kwamba kampuni iliendelea kwa zaidi ya mwaka bila kuwatoza wachezaji ada ya mwezi. Kipindi cha mwanzo, kununua kitu sokoni kulikuwa kazi ya jioni nzima. Kila mchezaji aliajiri mtumishi wa kumuuzia, watumishi wakajipanga ndani ya kumbi za soko, na mwenye kutaka nyundo alipita kwa mmoja mmoja, anabonyeza, anasubiri orodha ifunguke, anakuta samaki na ngozi, anafunga, anasogea kwa wa pili. Hapakuwa na njia ya kuuliza nani ana nyundo. Mchezaji aliyeandika kwamba amemaliza muda wake wote wa mchezo akitafuta nyundo, na hakupigana hata na sungura, alikuwa amesema kila kilichohitajika.

Wengine walilalamika kwamba gemu ni nzito na inakwama. Desemba 2010 kazi ya kuiokoa alikabidhiwa Naoki Yoshida, na baadaye alisimulia hadharani kwamba chungu kimoja cha maua ndani ya gemu ile kilikuwa na poligoni 1,000 na mistari 150 ya msimbo wa kukichora, sawa na mhusika mzima wa mchezaji. Chungu cha maua! Zunguka dunia nzima, hutampata mchezaji ambaye angependekeza maua yapunguzwe. Wao walieleza dalili, na aliyekuwa na ufunguo wa jiko akaenda kukuta chungu. Gemu ya zamani ilifungwa tarehe 11 Novemba 2012, mwezi mwekundu ukaanguka juu ya dunia yake, na mpya ikaanza tarehe 27 Agosti 2013. Leo haikosekani watu wanapotaja gemu kubwa za aina yake.

Sasa andika. Kiingereza cha kuombea maji kinatosha, mradi kiwe na vipimo. Ningefurahi kuona pendekezo la namna hii likitoka kwetu: "Nipo Morogoro, nacheza kwa simu yenye RAM ya GB 3. Kila jioni kati ya saa mbili na saa nne, nikiingia uwanja wa soko, picha inaganda sekunde tano hadi kumi, kisha nakuta mhusika wangu ameshasogea. Nje ya soko haitokei. Asubuhi haitokei. Ilianza baada ya toleo la wiki iliyopita."

Ndani yake hakuna ombi hata moja, lakini fundi akisoma tayari ana sehemu nne za kuanzia: simu, saa, mahali, na toleo. Tahadhari kubwa ni hizo saa. Saa mbili usiku yetu ni 20:00, na kwa saa za UTC wanazotumia mafundi wengi ni 17:00. Ukiipeleka sentensi hiyo kwenye programu ya kutafsiri bila kuibadilisha, watatafuta tatizo lako saa nane usiku, wakati wewe umelala, na watakujibu kwa adabu kwamba hawajaona kitu.

Na tukishagusa mtandao, ombi la "tuwekeeni seva Afrika Mashariki" lina haki zote, ila likienda peke yake halina nguvu. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya nje ilipanda satelaiti, na safari ya kwenda na kurudi tu ilizidi nusu sekunde. Katika gemu ya mapigano nusu sekunde inatosha kukuua. Siku hizi kinachobaki ni umbali hadi seva za Ulaya, nao unapimika kwa milisekunde. Watu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wapime kwa wiki moja, saa ileile ya jioni, waweke namba zao kwenye jedwali moja, waandike na idadi yao. Kampuni ikitaka kujua kama seva italipa, jambo la kwanza itakalouliza ni hilo jedwali. Ongezeni na suala la bando. Toleo la gigabaiti kadhaa ambalo upakuaji wake ukikatika unaanza upya ni gharama ambayo mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani hawezi kuiwaza mpaka aambiwe.

Kabla hujatuma, fanya jambo moja la kikatili: mtafute mtu atakayeumizwa na pendekezo lako, uliandike upya ukiwa yeye. Najua linachosha. Ukitaka kujua kwa nini ni lazima, itazame Ultima Online, gemu ya kampuni ya Origin iliyofunguliwa Septemba 1997. Dunia yake ilikuwa moja na kila mchezaji aliweza kumuua mwenzake. Wauaji wakajifunza kuvizia njia za machimbo na milango ya mapango, mgeni anatoka na mzigo wake wa kwanza wa madini, anauawa, anavuliwa kila kitu. Wageni wakaomba usalama, na waliomba kwa haki kabisa. Mwaka 2000 dunia ikagawanywa mara mbili: Trammel, ambako hakuna kuuana bila ridhaa, na Felucca, ambako mambo yalibaki kama zamani. Watu wakahamia Trammel kwa wingi.

Hakuna wa kumlaumu aliyehama. Lakini Felucca ilikuwa na watu wema pia. Walikuwamo walinzi wa hiari waliosindikiza wachimba madini, na walikuwamo wawinda wauaji waliojenga sifa zao kwa kuwalinda wanyonge. Wanyonge walipoondoka, watu hao walibaki bila kazi. Hadi leo wapo wanaolizungumzia pendekezo hilo kama msiba, na wapo wanaosema ndilo lililoiokoa gemu. Mimi nadhani wote wana ukweli, na nadhani pia hakuna aliyeketi na yule msindikizaji kumuuliza. Ukimweka kwenye pendekezo lako, hata kwa sentensi mbili, mtengenezaji atakuamini kuliko mtu aliyejitetea mwenyewe kwa kurasa nne.

Ukishatuma, jiandae kukataliwa, na kataa kuondoka. Hapa shule bora ni Old School RuneScape, ambayo nawashauri vijana wetu waijaribu kwa sababu tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu, na mwendo wake unahesabiwa kwa mapigo ya sekunde 0.6, hivyo umbali wa seva hautuumizi sana. Gemu yenyewe ni zao la pendekezo. Kampuni ya Jagex ya Cambridge ilibadilisha mfumo wa mapigano wa RuneScape Novemba 2012, wachezaji wakasusa, na Februari 2013 wakapigishwa kura: je, tuirudishe gemu kama ilivyokuwa Agosti 2007, kwa nakala tuliyoihifadhi? Zilipigwa kura karibu 450,000. Tarehe 22 mwezi huohuo milango ikafunguliwa.

Tangu hapo vitu vipya vya maana hupita kwenye kura ya wachezaji. Mwanzoni kizingiti kilikuwa asilimia 75 ya ndiyo, baadaye kikashushwa hadi 70. Ni kizingiti kikali. Wazo lenye kupendwa na thuluthi mbili ya watu linatupwa. Ustadi wa ubaharia, ambao kwa miaka ulikuwa utani wa wachezaji, uliletwa kwenye kura 2015 ukashindwa. Ustadi mwingine, Warding, ulishindwa 2019. Mwaka 2023 wachezaji walipewa mawazo matatu wachague, ubaharia ukashinda, na Novemba 2025 mashua zikaingia majini.

Muongo mzima! Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na watu waliorudi kila mara na swali moja zuri zaidi: mashua itaendeshwaje, bahari ina nini cha kufanya, nani atalazimika kusafiri asiyetaka. Ninavyoona, waliopiga kura ya hapana 2015 waliufaidisha ubaharia sawasawa na walioupenda. Kasoro ya kura ni kwamba anayepiga ni yule aliyebaki. Aliyekata tamaa akaondoka, na mgeni ambaye hajafika, hawana sauti. Kama una mdogo wako aliyejaribu gemu akaiacha siku ya pili, muulize aliachia wapi, uandike jibu lake neno kwa neno.

Itatokea siku utaambiwa hujui unachotaka. Mwaka 2013 kiongozi mmoja wa World of Warcraft, J. Allen Brack, aliulizwa jukwaani kuhusu kuirudisha gemu ilivyokuwa zamani, akajibu kwamba watu wanadhani wanaitaka, kumbe sivyo. Wapenzi wa zamani hawakubishana. Waliendesha seva yao isiyo na kibali, Nostalrius, na ilipofungwa Aprili 2016 kwa shinikizo la kisheria, ombi la kuirejesha gemu ya zamani lilipata sahihi zaidi ya 200,000. Waendeshaji wa seva hiyo waliitwa na Blizzard, kampuni yenye World of Warcraft, nao walikwenda na ripoti iliyoandikwa ya namna walivyoifanya kazi. Siwashauri mkavunje sheria. Nawashauri mwende na ripoti. Agosti 2019 World of Warcraft Classic ilifunguliwa, na wachezaji wakapanga foleni ya saa kadhaa kuingia.

Na wakikuita kwenye majaribio kabla toleo halijatoka, nenda hata kama umechoka nao. Chukua ile simu ya GB 3, siyo ya kaka yako iliyo nzuri, ingia sokoni saa mbili usiku, na uwe na kalamu.