Namna ya Kupika Swala Bila Kwenda Jela

Tafuta nyama ya swala kilo mbili, vitunguu, tangawizi, nyanya, papai bichi, tui la nazi, na risiti. Anza na risiti. Kama huna, zima jiko, rudisha vitunguu kapuni, ukaange mayai.

Kwa Tanzania jambo hili liko hivi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo yule swala uliyemwona Mikumi akivuka barabara ni wako kabisa, ila si kwa matumizi ya sufuria. Paja lake likikutwa jikoni kwako bila karatasi, linaacha kuwa kitoweo na kuwa nyara za Serikali. Watu wamekwenda jela miaka 20 kwa vipande vya nyama vilivyoenea kwenye ndoo moja. Hakimu haulizi kama ulitia pilipili manga.

Njia halali ipo. Kanuni za 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori, zenye leseni, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Unaingia mlangoni mchana, jua likiwaka, na unasema "nipe swala" kwa sauti ya kawaida. Wengi wanashindwa hapo. Wamezoea kuinunua kwa kunong'ona, na wakiambiwa bei mbele ya mizani wanahisi utamu umepungua. Vumilia. Hakikisha nyama imekaguliwa, risiti imetaja mnyama na uzito, kisha uitunze karibu na nyama yenyewe, siyo kwenye mfuko wa suruali itakayofuliwa Jumamosi.

Msomaji wa Kenya, wewe pika mbuzi. Uwindaji kwenu ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya 2013 haikulegeza kamba. Wala usimpe mbuzi huyo jina la utani la swala, kwa sababu majirani wana simu.

Atapita pia kijana wa bodaboda, magharibi hivi, na mzigo kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Mfuko wenyewe ulishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo una makosa mawili kabla hujawasha kiberiti. Atakwambia ni "mbuzi wa porini". Huenda ni swala kweli, huenda ni punda wa mtu anayetafutwa tangu juzi. Lililo baya zaidi, huenda ni mnyama aliyeokotwa amekufa mwenyewe, na kama aliuawa na kimeta, vimelea vyake vinaweza kustahimili maji yanayochemka. Bibi anayesema moto unaua kila kitu hakuwa anazungumzia kimeta.

Sasa tupike. Kosa linaloharibu swala wengi ni kumdhania ng'ombe. Ng'ombe wa Kongwa anakwenda malishoni, anarudi zizini, ananenepa. Swala ameishi akimkimbia chui, na mafuta yake yote aliyatumia huko. Nyama yake haina akiba. Ukiitupa kwenye moto mkali ukaenda kutazama mpira, kipindi cha pili utatafuna mkanda.

Kwanza, utando. Minofu ya paja imefunikwa na utando mweupe unaong'aa, ambao hautalainika leo wala kesho. Chukua kisu kidogo, chenye makali kweli, siyo kile cha kukatia mkate. Penyeza ncha chini ya utando, shika ukingo wake kwa vidole vya mkono wa kushoto, elekeza makali juu kidogo upande wa utando, kisha sukuma polepole huku ukivuta. Utatoka kwa vipande virefu, na chini yake utaona nyama nyekundu inayokaribia weusi. Kazi hii inachosha mgongo. Mwanamume aliyetangaza mtaani kwamba leo anapika swala, kwa kawaida hapa ndipo anapokumbuka kuna fundi wa kumpigia simu.

Halafu papai. Kwaruza papai bichi, paka kwenye nyama, acha nusu saa, basi. Utomvu wake unavunjavunja nyama kweli kweli. Shangazi atakushauri uilaze nalo usiku kucha. Mheshimu shangazi, mwitikie, kisha lifiche papai, maana asubuhi mngekuta uji. Cha kulala na nyama usiku ni maziwa ya mgando, kwenye friji, hasa kama ni dume mwenye harufu. Ingawa harufu hiyo mara nyingi inatokana na mwindaji aliyechelewa kumtoa matumbo, na hakuna kiungo cha pakiti kitakachorekebisha uvivu wa mtu mwingine.

Sarara ikate nyembamba, ikaange haraka kwenye mafuta ya moto mpaka iive hadi ndani, uitoe. Habari za nusu mbichi waachie watu wa hotelini. Paja, bega na shingo vinataka subira: kaanga vipande mpaka viwe kahawia, vitoe, kaanga vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima na nyanya, rudisha nyama, tia maji ya moto yafike nusu yake, funika. Moto mdogo, saa mbili au tatu. Kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo kitasaidia, na tui zito litiwe mwishoni. Usifunue kila dakika kuonja. Kilo mbili zimewahi kuisha kwa kuonja.

Wageni nao wanahitaji matayarisho. Mwislamu atauliza imechinjwa na nani, na ana haki. Mwindaji akitaja jina la Mungu anapofyatua risasi, mnyama akafa kwa risasi hiyo, wapo wanazuoni wa fiqhi wanaomhesabu halali. Lakini swali hilo lijibiwe buchani, siyo sahani zikishawekwa mkekani. Muganda muulize ukoo wake kabla ya kununua: wa ukoo wa Ngabi hali pongo, jamii ya swala, na kumwandalia pongo ni kumwandalia ndugu yake. Mzee wa mtaa mwalike kwa hali yoyote. Atasema hii siyo nyama, zamani walikula nyati, na atamaliza mbavu zote akiendelea kulalamika.

Picha ya sufuria usiitume kwenye kundi la familia, hata kama karatasi zako zimekamilika. Polisi hawatakuja, ila watakuja binamu, na binamu hawana kanuni za 2020.

Na kama baada ya saa nne bado nyama inagoma, isage. Changanya na yai, mkate uliolowekwa, kotimiri na pilipili, fanya kababu. Mgeni akiuliza hii ni nyama gani, mwambie ya kusaga.