Mwongozo wa Anayepanga Kukimbilia Matiliku Dunia Ikianguka

Umeshanunua. Ekari mbili upande wa Matiliku, ukuta wa mawe umeanza kupanda, mchoro wa chumba cha chini ya ardhi uko kwenye simu, na ndani ya buti la gari kuna kisu cha kukunja chenye vifaa kumi na viwili. Umetazama video za Wamarekani waliojichimbia milimani na makopo yao ya maharagwe, ukaamua kwamba siku mambo yakiharibika Nairobi wewe utakuwa Makueni, umefunga geti, unakunywa chai. Karibu sana. Ila kabla hujamwaga zege, sikiliza kidogo. Umekuja kujiandalia maangamizi mahali ambapo maangamizi yameshapita mara nyingi hata yakapewa majina, na waliobaki hai hawakubaki kwa njia unayoipanga.

Kosa la kwanza liko kwenye kalenda yako. Unangoja siku moja: kishindo, taa zizimike, watu wakimbie. Huku Ukambani haikuja hivyo. Katika miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe, kisha mvua zikakosa, na 1898 hadi 1899 ikasimama njaa ambayo wazee waliiita Yua ya Ngomanisye, kwa kuwa iliwafikia watu wote popote walipokuwa. Ndui ikaingia kwa miili iliyokwisha dhoofu. Watu walivuka kwenda nchi ya Wakikuyu kutafuta chakula, na familia nyingine zikawaweka wasichana wao rehani kwa wenye nafaka. Jamii huanguka hivyo, msimu baada ya msimu, shida moja ikimwachia mzigo mwenzake. Juzi tu, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, Pembe ya Afrika pamoja na nyanda kame za Kenya ilikosa mvua za maana misimu mitano mfululizo, na hakuna hata asubuhi moja katika miaka hiyo iliyotangazwa redioni kuwa ndiyo yenyewe. Anayengoja kishindo atakuwa bado amekaa na begi lake mlangoni msimu wa tatu ukimpita. Wewe hesabu misimu. Na ujue kwamba hapa mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei imewadanganya wengi.

Kosa la pili ni pesa. Ukame wa 1984 unaitwa Nikwa Ngwete: nakufa huku nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Noti zilikuwepo mkononi, chakula cha kununua hakikuwepo. Wewe huna hata noti, kila kitu kiko kwenye M-Pesa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Minara ya simu ina betri na jenereta, lakini betri huisha na jenereta hunywa dizeli. Weka noti ndogondogo nyumbani, za kukutosha wiki chache, usizidishe. Kinachobaki kigeuze kuwa vitu ambavyo hata jirani atavihitaji: majembe, kamba, ndoo, turubai, mbuzi jike.

Sasa tuingie ghalani, na hapa nakuomba uache kutazama simu, kwa sababu hiki ndicho kipande cha mpango wako kinachoweza kukuzika pamoja na watoto. Unasema utajaza chumba kimoja magunia ya mahindi na kukaa juu yake. Mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui walikaa juu ya mahindi yao. Njaa ilikuwa inanukia, na wengine walivuna mapema wakihofia wezi, mahindi yakiwa bado na unyevu, wakayaingiza ndani ya nyumba wanamolala. Ukungu ukaota. Ukungu huo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ile ambayo Watanzania huiita sumukuvu, nayo hushambulia ini. Kufikia Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Huko Machakos ilishatokea 1981, watu 12 wakafa kati ya 20 waliougua. Wafu hao hawakukosa chakula. Walikufa kwa chakula walichokificha vibaya, na hofu ya mwizi ndiyo iliyowaharakisha wengine kukificha.

Kwa hiyo fanya hivi. Anika mahindi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, na mawingu yakijikusanya yaingize hata kama ni mara tano kwa siku. Pukuchua bila kuyatwanga kwa fimbo mpaka punje zipasuke, maana ukungu huingilia kwenye ufa. Kisha chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa kwa nguvu, uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Unyevu unaotakiwa ni karibu asilimia 13, na chupa hiyo, ingawa hukupa makadirio tu, haikudai kifaa wala betri. Yakikauka, yatie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake, uipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zenye ukungu usizipike ukidhani moto utazitakasa. Sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa. Usimpe ng'ombe pia, kwa sababu itakurudia kwenye maziwa. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi, kama mama zetu wafanyavyo, hupunguza sehemu ya sumu pamoja na maganda, na hilo ni jambo jema la kujua, lakini muthokoi wa mahindi yaliyooza bado ni hatari. Na kula ya mwaka jana kwanza. Ghala lisiloguswa miaka mitatu si akiba.

Maji. Umeagiza tangi la plastiki la lita 10,000 na unalitazama kwa fahari. Piga hesabu. Watu sita, lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 120. Tangi lako linaisha baada ya siku 83, na kutoka mvua za Mei kuisha hadi za Oktoba kuanza ni kama miezi mitano. Linunue, ni zuri, lakini usilale ukidhani umemaliza.

Watu wa huku huweka maji ndani ya mchanga. Mto wa msimu hujengewa ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba. Mafuriko yakija hubwaga mchanga nyuma ya ukuta huo, na baada ya msimu mmoja au misimu kadhaa mto mzima hapo juu unakuwa sanduku la mchanga lililolowa. Jua haliwezi kuyafikia maji yaliyo chini, mbu hapati pa kutagia, ng'ombe hachafui, na mtu huchimba kisima kifupi akachota. Kikundi cha Utooni kilianza kazi zake 1978 upande wa Machakos, Joshua Mukusya na jirani zake wakiwa mbele. Kitui, shirika la SASOL limejenga na wananchi mamia ya mabwawa ya aina hiyo tangu miaka ya 1990. Hakuna kampuni itakayokuletea bwawa la mchanga kwa lori. Lori linakuja kwa kazi nyingine kabisa: kuuchukua mchanga uende ukajenge magorofa ya Nairobi. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wake 2015 kwa sababu mito ilikuwa ikichunwa hadi mwamba na visima vikikauka. Fundi wako aliponunua mchanga wa ule ukuta, ulimuuliza umetoka mto gani? Muulize leo. Ukikuta umetoka juu ya bwawa la jirani, umeanza kujenga usalama wako kwa kumnywesha vumbi mtu utakayemhitaji.

Hapo tumefika kwenye kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote, nalo ni kudhani kwamba utaokoka peke yako. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na udongo, aliandika kuhusu hifadhi ya wenyeji ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha sehemu ya Makueni ya leo, kwamba watu wake wanateleza kuelekea ufukara na ardhi yao kuelekea jangwa la mawe na mchanga. Huo ulikuwa utabiri wa maangamizi, umepigwa mhuri wa serikali. Idadi ya watu ikaongezeka mara kadhaa kufikia 1990. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochunguza na kuchapisha kitabu chao 1994, walikuta mmomonyoko umepungua, mazao kwa kila ekari yameongezeka, vilima vimefungwa matuta. Wakoloni walikuwa wamewashurutisha watu kuchimba, na watu walichukia shuruti hiyo kwa haki. Lakini baadaye walichimba kwa hiari yao, wengi wao wanawake, kwa mwethya: leo shamba langu, kesho lako, keshokutwa la mjane aliye mgonjwa. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, ndiyo maana matuta hayo yanaitwa fanya juu. Mvua ikishuka inakutana na kizuizi, inazama badala ya kukimbia na rutuba yako.

Mwethya hauna mlango wa dharura wa kuingilia siku ya mwisho. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya korona, na Athi River ikiwa ndani ya mstari huo, barabara ya Mombasa ikawa imefungwa kwa yeyote aliyesema moyoni kwamba nikizidiwa nitarudi nyumbani. Chukulia hata umepita. Umefika usiku na gari limejaa unga. Mzee wa kwanza utakayemkuta atakuuliza swali moja: wewe ni mtoto wa nani? Ukitaja jina la baba yako, atakumbuka kama ulikuja kumzika jirani yao, kama ulituma mchango ukaomba radhi au ulinyamaza, kama ulishawahi kushika jembe Jumamosi. Hati ya shamba haijibu swali hilo.

Kwa hiyo likizo ijayo usije kukagua ukuta. Njoo siku ya kikundi, uje na karai lako na chepe lako, usije na kamera. Ukipewa kazi ya kubeba mawe pamoja na kina mama, beba. Nenda mazishini hata kama marehemu ulimjua kwa jina tu. Kuna Hospitali ya Matiliku na kuna wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wajue kwa sura, hasa kama kwenu kuna mwenye kisukari au presha, kwa sababu dawa zao hazikai miaka ndani ya sanduku. Makueni ilianzisha 2016 mpango wa matibabu ambao kaya ililipia shilingi 500 kwa mwaka, na kaya nyingi zilichangia.

Bunduki iache. Ukuta wenye vipande vya chupa juu yake unamwambia kila mpita njia mahali chakula kilipo, na wewe ni lazima ulale.

Badala ya pikipiki ya pili nunua punda. Petroli inatoka Ghuba kwa meli, punda anakula nyasi za kando ya njia na kubeba mitungi minne ya lita 20 kwa safari moja. Mlinde pia. Machinjio ya punda yaliyolisha biashara ya ngozi, mojawapo likiwa Machakos, yaliwafanya punda waibwe usiku nchini kote hadi serikali ikayapiga marufuku Februari 2020, na marufuku yenyewe ikabatilishwa na Mahakama Kuu mwaka uliofuata.

Mwisho ni mbegu, nazo huwa hazimo kwenye orodha yako kabisa. Mahindi chotara ya duka hayafai kurudishwa shambani, kizazi cha pili kinakosa nguvu. Tafuta Katumani, mahindi yaliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti jirani na Machakos, yanayokomaa kwa takribani siku 90 na ambayo mkulima anaweza kujichagulia mbegu mwenyewe. Lakini mahindi peke yake yameshawaangusha watu hapa. Panda mtama na uwele, ukijua kwamba utalazimika kuamka mapema kufukuza ndege. Panda kunde na pojo zinazowahi, na mbaazi zenye mizizi mirefu inayofuata unyevu ulioshuka. Tengeneza mashimo Septemba, tia samadi, uwe tayari kabla ya tone la kwanza. Mbegu zichague shambani kwenye mimea iliyo bora, usingoje kuzichagua ghalani, kisha uzigawe: nusu kwako, nusu nyumba tatu za jirani, ili panya au mdudu akizimaliza zako upate pa kubisha hodi Oktoba.