Fundi wa Pipa

Kipevu, Mombasa, haikosi wajuzi wa moto. Pana kituo cha umeme wa dizeli, Kipevu III, kilichoanza kazi 2011 kikiwa na uwezo wa megawati 120. Tangu 2022 pana gati jipya la mafuta linalohudumia meli nne kwa mpigo. Lakini Jumapili jioni mtaalamu wa nishati ni yule bwana wa pipa la kuchomea nyama, lililopasuliwa kati, likatiwa bawaba na bomba la moshi.

Makaa hayajashika, yeye ashamwaga mafuta taa. Vifuu vya nazi vimejaa uani kwao, vya bure, na huwasha makaa bila harufu ya mafuta. Lakini vifuu ni mambo ya nyanya. Yeye mtu wa kisasa. Basi mbuzi atanukia koroboi.

Pipa huongozwa kwa hewa: tundu la chini huiingiza, bomba la juu hutoa moshi. Ukiliziba la chini kidogo, moto hutulia, nyama ikaiva polepole. Bwana wetu matundu hayajui. Kila mgeni akipita, kifuniko juu: "Njoo uone!" Hewa yaingia kwa fujo, mafuta yadondoka, miali yapanda, na moshi wenda zake kwenye kanga za jirani zilizoanikwa. Moto ukizidi, aumwagia soda. Majivu yakarukia nyama. Hayo ayaita viungo.

Saa tatu usiku mbavu ni nyeusi nje, ndani zataka kulia "mee". Mkewe ashamtuma mtoto viazi karai.